Timu ya jeshi ikishuka hurudi, Tukuyu Stars ilikwama wapi?

UKITOKA Uyole kwenda Kyela, kabla hujaingia Tukuyu unapita Kiwira. Hapo kuna Chuo cha Magereza, wanakopikwa askari wanaosambazwa magereza ya nchi nzima. Kwa hiyo Tanzania Prisons, hata kama nyumbani kwake ni Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya, kwa mtu wa Rungwe sio timu ya mbali.

Msimu wa 2024/25 Wajelajela hao waliwapa watu presha. Walimaliza Ligi Kuu nafasi ya 13, wakalazimika kucheza mtoano na Fountain Gate ndipo wakapona. Msimu wa 2025/26 wakaanza upya, na safari hiyo Mbeya City nayo ikarudi baada ya miaka miwili ya Championship. Dabi ya Mbeya ikawapo tena.

Lakini ukikaa kijiweni pale Tukuyu, mazungumzo hayaishii kwa Prisons. Lazima mzee mmoja atakumbusha 1986. Mwaka huo Tukuyu Stars, Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara wakiwa wageni wa ligi. Simba na Yanga wakaangalia tu. Huko ndiko alikotokea Sekilojo Chambua, kiungo aliyekuja kutamba Yanga na Taifa Stars.

Kisha wakashuka. Yamekuwapo majaribio ya kuifufua timu hiyo, lakini watoto wa Rungwe wa leo wanaijua kwa kusimuliwa tu.

Swali linalouma ni hili: kwa nini Prisons yupo na Tukuyu Stars hayupo? Wengi watajibu haraka, "Wale ni jeshi bwana, hawashuki." Sio kweli. Mwaka 2023 Ruvu Shooting na Polisi Tanzania walishuka pamoja. JKT Tanzania walishuka 2021. Prisons wenyewe waliwahi kusota daraja la chini kabla ya kurejea 2012.

Tofauti iko baada ya kushuka. JKT Tanzania walikaa misimu miwili tu, 2023 wakarudi. Prisons waliporejea 2012 hawakushuka tena hadi kumaliza msimu wa 2024/25. Gwanda halilindi timu isishuke, linalinda isife.

Sababu haina uchawi. Mchezaji wa timu ya jeshi anaweza kupata ajira. Ana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana pa kulala, na akiumia goti bado ni mtumishi. Timu ikishuka leo, kesho asubuhi kikosi kipo mazoezini kwa sababu mwajiri hajaondoka. Timu ya wananchi ikishuka, wachezaji wanatawanyika kabla viongozi hawajakaa kikao.

Kuna faida nyingine. Prisons, JKT Tanzania na Mashujaa wa Kigoma wanajengwa na wazawa wakati wengine wanapanga foleni kusajili wageni. Kijana wa Kiwira au Masoko mwenye kipaji anaona mlango pale. Na wasibezwe, kwani ni hao hao Mashujaa waliokuja Sokoine 2023 kumaliza kazi ya kuishusha Mbeya City kwenye mtoano.

Hata hivyo, tusiwapambe kupita kiasi. Mshahara unaoingia ushinde usishinde una ugonjwa wake. Lengo linakuwa kubaki, na timu inayolenga kubaki huishia nafasi ya 13 ikihesabu pointi kwa vidole. Prisons wakiingia msimu wowote na hesabu hizo hizo, mtoano utawasubiri tena, na hakuna aliyeandikiwa kupona kila mara.

Turudi Rungwe. Kuna wanaosema tutafute tajiri. Waangalie majirani. Ihefu ilizaliwa Mbarali, ikapanda, ikawafunga vigogo, halafu 2024 ikahamishiwa Singida na leo inaitwa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali wamebaki na picha kwenye simu. KenGold ya Chunya nayo ilipanda 2024, ikasajili majina makubwa dirisha dogo, lakini ilimaliza mkiani na kushuka baada ya msimu mmoja. Fedha za mtu mmoja zinapandisha timu. Kuifanya ibaki mahali pake ni kazi nyingine.

Jibu lililo karibu zaidi ni Mbeya City yenyewe. Ilianzishwa 2011 na halmashauri ya jiji, na msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, ikamaliza ya tatu. Iliposhuka 2023 haikufa, kwa sababu ilikuwa na mwenyewe.

Rungwe haina kambi ya kuipa timu mishahara, lakini ina chai, maziwa, ndizi na parachichi zinazopanda meli kwenda Ulaya. Ina halmashauri na vyama vya ushirika vya wakulima. Timu ya wilaya ikipewa fungu dogo kwenye mapato hayo, lililoandikwa na kukaguliwa, mchezaji akapewa kazi kwenye kiwanda cha chai au ofisi ya chama, hiyo tayari ni nusu ya kile walichonacho Prisons. Nusu nyingine ni nidhamu, na hiyo hainunuliwi.

Bila hivyo tutaendelea kupanda Coaster kwenda Sokoine kushangilia timu za wenzetu, tukirudi usiku na ukungu wa Isyonje, huku mzee wa kijiweni akianza tena: "Mwaka 86 sisi..."

Miaka karibu 40 ya kusimulia inatosha. Vipaji Rungwe haikuwahi kukosa. Ilichokosa ni mtu wa kuiamkia timu asubuhi baada ya kufungwa.