Jigi ni Sehemu ya Mashine

Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Marekani, na mwaka 1964 Kumar Patel akabuni leza ya gesi ya kabonidayoksaidi. Tangu hapo mwali huo umetoka katika maabara ukaingia katika karakana ndogo, ambamo fundi hutia nakshi kibao cha mlango au ngao ya tuzo kwa dakika chache. Hata hivyo, nyingi ya mashine hizo hazina macho. Huchoma pale zilipoamriwa tu. Kitu kikisogea milimita mbili, jina huenda upande, na alama iliyochomwa haifutiki.

Wako wanaodhani kwamba tiba ya kasoro hiyo ni kununua mashine ya bei kubwa zaidi. Dhana hiyo haina msingi. Kinachohitajika ni jigi, yaani kishikizo kinachokiweka kila kitu mahali pale pale. Nayo mashine yenyewe yaweza kuitengeneza.

Fundi hufunga mezani kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 3, kisha hukata kwa leza tundu lenye umbo la kitu kitakachotiwa nakshi. Kwa kuwa mwali uliokata tundu ndio utakaoandika, na kwa vipimo vile vile, kosa la kupima kwa mkono halina pa kuingilia maadamu ubao haukusogezwa. Matundu 20 yakikatwa, vibao 20 vitaandikwa kwa mkupuo mmoja.

Kazi hiyo ina masharti yake. Mwali nao hula ubao, pengine sehemu ya kumi ya milimita au zaidi. Hivyo umbo lichorwe dogo kidogo, kitu kisije kikacheza ndani ya tundu. Sehemu zote zitakazochomwa ziwe katika kimo kimoja, ama sivyo maandishi yatafifia. Plastiki ya PVC, kama ile ya mabomba ya maji, isitumiwe kamwe: ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo hudhuru mapafu na kuitia mashine kutu. Wala mashine isiachwe peke yake ikiwa kazini, kwani mbao na kadibodi hushika moto.

Mteja aletapo kijisanduku cha mpingo alichorithi kwa bibi yake, hakuna duka litakalouza kingine. Jaribio la kwanza lapaswa kufanywa juu ya kadibodi iliyokatwa kwa umbo lile lile na kuwekwa katika jigi ile ile, si juu ya urithi wa mtu.

Kwa sababu hiyo, vyuo vinavyofundisha ufundi huu vingefanya vema kumpima mwanafunzi kwa jigi aliyoibuni kabla ya kumpima kwa uzuri wa picha aliyoichora. Nazo karakana zihifadhi jigi zao, kila moja ikiwa imeandikwa jina na vipimo vyake. Mashine hununuliwa kwa fedha. Usahihi hujengwa na fundi mwenyewe.