Wafaa kwa Chapa ya Simu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, wiki hii tunawaomba radhi wasomaji wetu, hasa akina mama, tuzungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa safu hii, nalo ni simu. Jambo lenyewe limetufika nyumbani, na kosa lilikuwa letu.

Kwa miaka 12 tumetumia simu za kampuni moja tu, ambayo jina lake hatutalitaja. Ya kwanza ilitutumikia vyema. Iliponyoka mfukoni mwa kanzu mara zisizo na idadi, na kila mara tuliiokota ikiwa nzima. Kwa ajili ya wema wa hiyo moja tukanunua ya pili, ya tatu na ya nne. Barazani baada ya swala ya alasiri, kahawa tungu ikizunguka, sisi tulikuwa mawakili wa kampuni hiyo bila ya ujira. Kijana akija na simu ya chapa nyingine, tulimfanyia mzaha mbele za watu.

Mwaka jana mama wa watoto wetu, ambaye huuza mahamri na viazi vya karai kwa oda za simu, alikusanya shilingi 22,000 za jasho lake. Akatueleza kwamba ameona simu nyingine, ya bei hiyo hiyo, yenye betri inayokaa zaidi na nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi. Tulimjibu, "Nyumba hii ina simu yake." Akanyamaza, akanunua tuliyoitaka sisi.

Haikutimia miezi saba. Simu ilijisasisha usiku, na asubuhi mstari wa kijani ulikuwa umesimama katikati ya kioo. Siku ya tatu kioo chote kikawa giza. Dukani tuliambiwa kwamba waranti haigusi kioo, na kukibadilisha ni shilingi 11,000. Tukaenda na kurudi kwa wiki mbili. Katika wiki hizo, bibi mmoja mwenye harusi aliyetaka mahamri 300 alituma ujumbe, hakujibiwa, akaenda kwa mwengine. Mama wa watoto hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sheikh, pesa zilikuwa zangu."

Neno hilo limetukaa moyoni. Ni sisi tunaosomesha darasani kwamba mali ya mke ni yake, na mume hana mkono ndani yake ila kwa ridhaa yake. Tuliyoyasomesha msikitini tuliyavunja nyumbani, kwa sababu ya chapa ya simu.

Wafaa ni sifa tukufu. Lakini wafaa huwa baina ya watu waliofungamana: mume na mke, jirani na jirani, mwalimu na mwanafunzi. Kampuni ilituuzia bidhaa, nasi tukalipa thamani yake. Hapo haki zilikwisha, isipokuwa ile ya bidhaa kuwa salama. Tulichokiita wafaa kilikuwa taasubi, yaani kulishikilia kundi lako hata dalili zikisimama dhidi yake. Taasubi tunaikemea katika kabila na katika siasa, na kumbe tulikuwa tumeificha mfukoni.

Tena jina lenyewe halina dhamana ya kudumu. Watu wa rika letu wanaikumbuka Nokia 1100 yenye tochi, ambayo Wakenya waliiita mulika mwizi. Ilitoka mwaka 2003, na zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Nani siku hizo angaliamini kwamba mwaka 2014 kampuni hiyo ya Finland ingekuwa imekwisha kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu? Mwaka 2016 ruhusa ya kulitumia jina hilo kwenye simu ikapewa kampuni nyingine, HMD. Aliyeapa kwa jina alibaki na jina, lakini watengenezaji walikuwa wengine.

Hata ndani ya kampuni moja simu si sawa. Samsung ilipotoa Galaxy S24 mwaka 2024, iliahidi kuzipa masasisho kwa miaka 7. Simu zake za bei nafuu, ambazo ndizo wengi wetu tunazimudu, hazikupewa muda huo. Mwenye kununua jina bila ya kuuliza hununua asichokijua.

Sheria yetu haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Inajulikana kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Wanavyuoni wa fiqhi nao wameeleza khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha. Na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahiki na ya kupewa maelezo anayohitaji. Basi kuuliza dukani si utovu wa adabu.

Tunawausia wanaojiandaa kununua simu waulize haya. Itapata masasisho hadi mwaka gani? Waranti inagusa nini na haigusi nini? Iandikwe kwenye risiti. Fundi wa mtaani kwenu anapata kioo na betri yake, na kwa bei gani? Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# ulinganishe namba itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Na picha za wazee wetu waliotangulia zisikae katika simu moja pekee, kwani kioo kikizima zaweza kupotea.

Anayechukua kwa malipo ya kila siku na apige hesabu ya jumla mpaka mwisho, ailinganishe na bei ya taslimu. Wengi wa wanavyuoni wameruhusu bei ya muda kuzidi ya taslimu, maadamu imekatwa siku ya mapatano. Lakini nyongeza inayotozwa kwa sababu umechelewa kulipa ni mlango wa riba, basi isome karatasi kabla ya kutia saini.

La mwisho ni kwa akina baba wenzetu. Mwenye kuitumia simu ndiye anayejua haja yake. Mama anayepokea oda kutwa nzima anaijua betri kuliko sisi tunaosoma salamu na kuirudisha mfukoni.

Tumemlipa mama wa watoto shilingi zake 22,000, tukamwomba msamaha, naye akasamehe. Alikwenda dukani peke yake akarudi na simu ya chapa ile tuliyokuwa tukiifanyia mzaha barazani. Juzi jioni yetu ilizima chaji tukiwa tunamsubiri mtoto apige kutoka chuoni, ikabidi tuazime yake. Ilikuwa bado na nusu ya chaji.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua haki za watu wetu kabla ya kuzitetea haki za wasiotujua. Wabillahi tawfiq.