Kitambi Hakisikii Hesabu

Kulala chali na kuinuka mara mia kila alfajiri hakuondoi kitambi. Nasema hivyo bila kuuma maneno, kwa sababu imani hii inawachosha watu wenye nia njema, kisha inawaacha wakijilaumu kwa uvivu wasiokuwa nao. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapa wanaume zoezi hilo kwa siku 27, kila mmoja akafikisha mara 5,004. Walipopima seli za mafuta za tumboni, mgongoni na makalioni, zilikuwa zimepungua ukubwa kidogo, tena kwa kiwango kilekile kote. Mwaka 2011 watu 24 walishiriki utafiti mwingine wa wiki 6. Waliopewa mazoezi 7 ya tumbo wakaweza kuinuka mara nyingi zaidi kuliko mwanzo, ila mafuta ya tumboni yakabaki palepale. Msuli haunyonyi mafuta yaliyoufunika. Mwili ukihitaji nishati, homoni husafiri kwenye damu na kufungua ghala zote, na ghala lipi litaanza kupungua huamuliwa zaidi na urithi, jinsia na umri. Kitambi huondoka kwa sahani na kwa mwendo wa mwili mzima.

Watu hujibu kwamba wanasikia tumbo likiwaka moto. Ni kweli, lakini huo ni uchovu wa msuli. Mafuta hayana namna ya kuungua pale chini ya ngozi. Wengine humtaja bondia, wakisahau kilomita anazokimbia na mlo anaoubana ili afikie uzito wa pambano. Hoja nzito zaidi ni utafiti wa 2023, ambapo wanaume wachache wenye uzito mkubwa waliofanya mazoezi marefu ya tumbo walipunguza mafuta ya kiwiliwili kuliko waliokimbia tu. Siupuuzi. Ila kundi lilikuwa dogo mno, na tofauti iliyopatikana haitoshi kulegeza mkanda wa suruali.

Msuli wenyewe unastahili heshima, na hapo ndipo hesabu ya mia inapoudhulumu zaidi. Anayejenga mapaja huongeza uzito begani. Hachuchumai mara mia tano. Tumbo nalo ni msuli. Ning'inia kwenye chuma, inua magoti, baadaye inua miguu iliyonyooka. Ukifikisha mara 15 bila kubembea, ongeza mzigo badala ya idadi, kisha upumzike siku moja au mbili. Kazi kubwa ya misuli hii ni kuuzuia uti wa mgongo usipinde ovyo. Beba ndoo ya lita 20 kwa mkono mmoja utembee wima, utausikia ubavu wa upande wa pili ukikaza kukushikilia. Jeshi la Wanamaji la Marekani limekwisha kuondoa zoezi la kuinuka kwenye mtihani wake, likaweka la kujishikilia juu ya viwiko.

Linaloniuma zaidi ni ushauri wa kuinuka mara mia kupewa mama aliyejifungua juzi. Misuli yake ya mbele huenda imeachana katikati, na kujikunja kwa nguvu kunaweza kulisukuma tumbo nje kupitia mwanya huo. Anayemhesabia moja hadi mia hajauliza hata kama amepimwa.