Vipimo visipoonyesha kitu, mgonjwa asiitwe mvivu

Kuna maneno mawili ambayo wagonjwa wengi huondoka nayo hospitalini badala ya dawa: "Huna kitu." Damu imepimwa, mkojo umepimwa, malaria haikuonekana, sukari iko sawa. Daktari, ambaye ana foleni ndefu nje ya mlango, anafunga kitabu na kusema, "Mama, uko sawa, nenda ukapumzike." Mgonjwa anatoka na uchovu ule ule aliokuja nao, na juu yake ameongezewa mzigo wa pili: hana hata jina la ugonjwa wake la kuwaambia watu nyumbani.

Nauzungumzia uchovu wa aina gani, msomaji? Si ule unaompata kila mtu baada ya kutwa nzima ya jembe au ya ofisi, ambao huisha ukioga, ukala na kulala. Nauzungumzia uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao, mwezi baada ya mwezi. Miguu mizito, kichwa kimejaa ukungu, na kazi ndogo kama ya kufua nguo mbili inamlaza kitandani siku ya pili yake. Watu wa aina hii wako Nairobi na Mombasa, na wako Kinango pia. Lakini wa Kinango wana shida ya ziada.

Kinango ni upande wa bara wa Kaunti ya Kwale, mbali na mchanga mweupe wa Diani. Mvua huko ni haba na kiangazi ni kirefu. Kuna vijiji ambako mwanamke huamka alfajiri kwenda silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, na mtungi wa lita 20 aurudishao una uzito wa kilo 20. Akifika nyumbani bado kuna kuni, shamba, mbuzi na watoto. Katika maisha kama hayo, nani asiyechoka? Ndiyo maana mwanamke akisema amechoka, hujibiwa kwamba kila mtu amechoka. Ugonjwa hupata mahali pazuri pa kujificha, nyuma ya umaskini na nyuma ya kazi nyingi. Na asipoweza tena kwenda silanga, hakuna anayesema ni mgonjwa. Husemwa ni mvivu, na katika nyumba nyingi neno hilo kwa mke ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Tuanze na hayo maneno "huna kitu". Kipimo hujibu swali kiliyoulizwa tu, hakijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Kipimo cha malaria kikiwa safi, maana yake ni kwamba malaria haikuonekana. Hakisemi chochote kuhusu tezi ya shingo, figo, moyo au huzuni ya mtu aliyefiwa.

Chukua mfano wa kichocho, ugonjwa unaofahamika sana pwani ya kusini. Watafiti wameuchunguza kwa miongo mingi katika eneo la Msambweni. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai hutoka kwa mkojo. Lakini mayai hayo hayatoki kwa wingi ule ule kila saa wala kila siku. Wakati mzuri wa kuyatafuta ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mgonjwa mwenye minyoo michache akitoa mkojo saa moja asubuhi, siku moja tu, huenda darubini isione kitu. Ataambiwa ni mzima, kumbe damu inaendelea kumvuja kidogo kidogo. Safura nayo hunyonya damu kimya kimya matumboni.

Au chukua upungufu wa madini ya chuma. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba ana upungufu wa damu iwapo hemoglobini iko chini ya gramu 12 kwa kila desilita. Mwenye 12 na nukta kidogo huambiwa damu inatosha. Hata hivyo, akiba ya chuma mwilini huisha kabla ya damu yenyewe kupungua, na mtu anaweza kuwa mnyonge wakati kipimo cha kawaida bado kinampa alama ya kupita. Akiba hiyo ina kipimo chake, kiitwacho feritini, ambacho hakifanywi kila mahali.

Kisha kuna homa zinazoletwa na mbu ambazo si malaria. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetoka katika Kimakonde, likimaanisha kujikunja kwa maumivu. Ililipuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, ikarudi Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Homa huisha kwa siku chache, lakini baadhi ya watu hubaki na maumivu ya viungo na uchovu kwa miezi, wengine kwa miaka. Mgonjwa wa namna hii akija zahanati nusu mwaka baadaye, akapimwa malaria, ataambiwa nini? Huna kitu.

Kinachofuata mara nyingi ndicho kinachoniudhi zaidi. Mgonjwa hatulii. Anapanda matatu hadi Kwale, anashuka Likoni, anavuka kwa feri na kuingia katika kliniki za mjini. Huko hupimwa kwa kile kipimo cha zamani cha homa ya matumbo kiitwacho Widal, ambacho wataalamu wamekwisha kuonya kwamba hakiaminiki kikitumiwa peke yake, kwa sababu huweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu asiye nao. Anapewa sindano za siku tano. Miezi miwili baadaye anapewa nyingine. Mahali pengine hutundikiwa maji na kuchomwa vitamini "za nguvu", na kila mara mbuzi mmoja huuzwa. Fedha zikiisha, huanza safari ya waganga, ambako angalau atasikilizwa kwa utaratibu. Tusiwacheke wanaokwenda huko. Mtu aliyenyimwa jibu mahali pamoja atalitafuta pengine.

Sasa kuna wale ambao wamepimwa kila kitu kinachostahili kupimwa: damu, chuma, sukari, tezi ya shingo, figo, ini, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, kichocho na minyoo, wameulizwa pia kuhusu usingizi, kukoroma, dawa wanazomeza na majonzi waliyo nayo. Hakuna kilichopatikana, na bado hawawezi kusimama. Je, hao wanaigiza?

Historia inatufundisha tuwe waangalifu. Mwaka 1955 wafanyakazi 292 wa hospitali ya Royal Free mjini London waliugua ugonjwa usioeleweka wa kuishiwa nguvu, na hospitali ikabidi ifungwe kwa muda. Mwaka huo huo wauguzi wa hospitali ya Addington mjini Durban, Afrika Kusini, walipatwa na jambo la namna hiyo. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha ugonjwa huo miongoni mwa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Lakini mwaka 1970 madaktari wawili wa akili wa Uingereza waliandika kwamba yaliyotokea Royal Free yalikuwa hofu ya umati tu, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba waliougua wengi walikuwa wanawake. Hawakuwa wamewapima wagonjwa wenyewe. Andiko hilo lilitia sumu mjadala kwa miaka mingi.

Ilichukua hadi mwaka 2015 kwa Taasisi ya Tiba ya Marekani kutamka waziwazi kwamba ugonjwa wa uchovu sugu ni ugonjwa halisi wa mwili, na kwamba Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 wanao, wengi wao bila kutambuliwa. Ilitaja dalili zake: kushindwa kufanya shughuli za zamani kwa zaidi ya miezi sita, hali kuzorota baada ya kujitahidi, usingizi usioburudisha, na pamoja na hayo ama akili kupotewa na mambo au mtu kulemewa anaposimama. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Daktari huutambua kwa kusikiliza.

Mwaka 2021 Uingereza nayo ilibadilisha mwongozo wake. Kabla ya hapo wagonjwa waliambiwa waongeze mazoezi kidogo kidogo kila wiki. Mwongozo mpya ukasema mpango huo usitumiwe tena, kwa kuwa kujilazimisha kunaweza kumzidishia mgonjwa. Wakati huo korona, iliyotangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020, ilikuwa imekwisha kuacha watu wengi duniani wakiwa na uchovu wa aina hiyo hiyo. Ghafla hata madaktari waliougua walijua kwamba mtu anaweza kuwa na vipimo safi na asiweze kupanda ngazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wapo watakaosema: hospitali zetu zinakosa hata dawa za kawaida, nawe unatuletea ugonjwa usio na kipimo wala tiba? Hoja hiyo ina uzito, na sitaki mtu yeyote akimbilie kujipa jina la uchovu sugu kabla hajachunguzwa. Wengi waliochoka wana tatizo lenye dawa, na dawa nyingine ni za bei ndogo. Lakini ni sera gani iliyo ghali zaidi: kumsikiliza mgonjwa dakika kumi mara moja, au kumzungusha kliniki sita kwa miaka mitatu akimeza dawa za magonjwa asiyo nayo? Kumwamini mtu hakuhitaji mashine.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya.

Kwanza, daktari au afisa wa kliniki asiseme "huna kitu". Aseme, "Sijaona sababu bado," kisha aandike katika kitabu uchovu ulianza lini, umemzuia kufanya nini, na vipimo gani vimekwisha kufanywa, na ampe tarehe ya kurudi. Mgonjwa akihamia Msambweni au Mombasa, kitabu hicho kitamwokoa asianze upya.

Pili, mgonjwa naye aende na habari zake. Andika kwa wiki mbili ulifanya nini na ulilala vipi. Taja kama uliwahi kuoga katika mabwawa, kama hedhi ni nzito, kama ulipata homa kali kabla ya hali hii kuanza. Ukiona unakonda, unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, unatoa mkojo wa damu, unatokwa na jasho jingi usiku au unapungukiwa na pumzi, usingoje tarehe; nenda mara moja. Na usiku ukiwa wa mawazo ya kutotaka kuishi, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Tatu, tujifunze kupima nguvu kama watu wa Kinango wanavyopima maji. Mwenye mtungi mmoja wa kutumia mpaka kesho hafui nguo zote asubuhi. Mgonjwa wa uchovu sugu agawanye kazi, apumzike kabla ya kuanguka, wala asiilipie siku moja nzuri kwa wiki nzima ya kitanda. Lakini hilo haliwezekani bila wa nyumbani. Mume, wifi na watoto wakubwa, mtungi mmoja wa kwenda kuteka kwa niaba yake ni tiba.

Nne, waajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Mhudumu wa hoteli ya Diani aliyeambiwa "huna kitu" hana cheti. Akikosa kwenda kazini mara tatu, hana kazi. Pale ndipo jina la ugonjwa linapogeuka kuwa unga wa watoto.

Mwisho, serikali ya kaunti, ambayo imeshika huduma za afya tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, ihakikishe kwamba mkazi wa Kinango hahitaji kuvuka bahari ili tezi ya shingo au akiba ya chuma ipimwe. Sampuli ya damu inaweza kusafirishwa kwenye kisanduku cha barafu. Mgonjwa asiyeweza kusimama ndiye asiyepaswa kusafirishwa ovyo.

Sayansi haijamaliza kazi yake katika jambo hili, nasi hatuwezi kuisubiri tukiwa tumekunja mikono. Nyumbani kwako au jirani yako yumo mtu aliyeacha kufanya yale aliyoyapenda, na ambaye hasemi tena kwamba amechoka kwa sababu amechoka kuambiwa ni mvivu. Mwulize leo anajisikiaje, kisha umsikilize mpaka amalize.