Mwarobaini Upi?

Mzee jirani yangu hapa Sumbawanga alinikaribisha kikombe cha dawa ya homa. "Kunywa, mwanangu, ni mwarobaini." Nikamwomba anionyeshe mti wenyewe. Ulikuwa nyuma ya nyumba, umepukutisha majani yote kwa kiangazi cha Julai, ila vishada vya matunda ya manjano vimeng'ang'ania matawini. Matunda hayo ndiyo aliyoyachemsha. Sikunywa.

Ndugu msomaji, mti ule ulikuwa mmelia. Ni jamaa ya mwarobaini, lakini matunda yake ni sumu kwa mtu na kwa nguruwe. Mwarobaini wenyewe hupenda joto, na huona taabu kustawi panapozidi mita 1,500. Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mita kama 800, linaufaa. Sumbawanga iko kwenye mita kama 1,700. Huku juu Ufipa, ukilisikia jina hilo, uliza kwanza.

Wapo watakaosema jina ni jina, na miti yote miwili ni michungu. Tangu lini uchungu ukawa cheti cha dawa? Hata sumu huwa chungu. Wapo pia wasomi watakaocheka, eti wananchi hawajui miti. Nao wanyamaze. Mwaka 1753 Linnaeus mwenyewe aliiweka miti hii miwili chini ya jina moja la ukoo, Melia. Ndipo mwaka 1830 Jussieu akautenga mwarobaini.

Jina la pamoja si dhambi. Mkuyu si mti wa aina moja, wala mgunga, na tunaishi nayo. Dhambi huanza pale jina linapogeuzwa ushahidi: muuza dawa anapofunga unga wake, mwenye kitalu anapogawa miche, na hakuna anayeuliza, "Upi?"

Wala kuitofautisha si kazi ya maabara. Jani la mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vimepangwa huku na huku. La mmelia hugawanyika tena na tena. Ua la mwarobaini ni jeupe. La mmelia lina rangi ya zambarau. Mtoto wa darasa la tatu atayajua hayo kwa asubuhi moja.

Sisemi mwarobaini wenyewe unywewe ovyo. Nasema anayetoa dawa aonyeshe jani kwanza. Mzee alinuna nilipokirudisha kikombe. Nilimwacha anune, nikamwuliza kama wajukuu wake nao wamekunywa.