Unga wa lishe: Ukirudi sokoni usianze na lebo

KILA ifikapo Agosti, msimu wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, ipo bidhaa moja ambayo haikosekani katika mabanda ya wajasiriamali wadogo. Iwe ni Nzuguni mjini Dodoma, Themi mjini Arusha au John Mwakangale mjini Mbeya, utaukuta unga wa lishe. Upo kwenye mifuko ya nailoni, upo kwenye makopo ya plastiki, upo kwenye pakiti za karatasi zenye picha ya mtoto mwenye afya anayecheka.

Sababu za wingi huo zinaeleweka. Mtaji wa kuanzia ni mdogo, malighafi zinapatikana karibu kila soko la nafaka, mashine ya kusaga iko mtaani, na mafunzo yake yametolewa kwa vikundi vingi vya kina mama. Biashara ambayo mlango wake ni mwepesi kwa mmoja, ni mwepesi kwa wote. Ndiyo maana duka dogo la mtaani laweza kuwa na aina tano za unga wa lishe zilizopangwa pamoja, na mnunuzi asijue achague upi.

Katika msongamano huo wapo wanaoanguka. Wengine hawakati tamaa. Baada ya mwaka mmoja au miwili hurudi wakiwa na mkopo mpya, jina jipya na lebo mpya yenye rangi za kuvutia. Moyo huo unastahili pongezi. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini anayejikwaa akaendelea bila kutazama kisiki, kesho atajikwaa pale pale.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mjasiriamali anayerudi sokoni mara nyingi hurekebisha kinachoonekana na kuacha kilichomwangusha. Mara nyingi kilichomwangusha ni unga ulioharibika kabla ya kuuzwa, bei iliyopangwa bila hesabu na mzigo uliotawanywa madukani kwa mali kauli. Anayetaka kurudi na kudumu hana budi kurudi na kidogo: viambato vichache, maduka machache, na mzigo ambao anaweza kuusimamia mwenyewe.

Tuanze na unga wenyewe. Ushindani wa bidhaa hii umegeuka kuwa ushindani wa orodha. Mmoja akiandika kwenye pakiti kwamba ameweka nafaka tano, mwenzake anaandika nane, na wa tatu anaongeza karanga, mbegu za maboga na dagaa. Mteja anaaminishwa kwamba wingi wa viambato ndio wingi wa lishe.

Ukweli ni kwamba kila kiambato kinachoongezwa kinaleta gharama yake na hatari yake. Karanga zina mafuta mengi. Zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga, mafuta hayo huharibika, na unga unakuwa mchungu na kutoa harufu mbaya. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kutumia protini yake, hivyo ni lazima ipitishwe kwenye moto wa kutosha kabla ya kusagwa. Dagaa wasiokauka vizuri huingiza unyevu, na mchanga juu yake.

Kubwa kuliko yote ni sumukuvu. Mahindi na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na fangasi wanaotengeneza sumu hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliripotiwa kuugua kutokana na sumukuvu na 20 kati yao walifariki dunia. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa uji. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu sumukuvu zaidi ya sehemu 10 katika bilioni kwenye mahindi, na vinataka unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5.

Nayasema haya kwa sababu mlaji wa bidhaa hii ni mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Mama anayenunua unga wa lishe anatoa fedha ambayo angeweza kununulia mayai au maharage, kwa imani kwamba anamkinga mwanawe na hali hiyo. Akiuziwa unga mbovu amepoteza fedha na amemwongezea mtoto maradhi.

Kwa hiyo anayerudi sokoni aanze kwa kupunguza. Achague viambato viwili au vitatu anavyovimudu, kwa mfano mahindi, ulezi na soya, kisha aombe ushauri wa ofisa lishe wa halmashauri yake kuhusu uwiano. Karanga amwachie mama azitwange mwenyewe na kuziweka kwenye uji siku ya kupika.

Kabla ya kununua gunia, afanye jaribio la chumvi, ambalo halihitaji mashine. Achukue chupa kavu ya kioo, atie punje na chumvi iliyokaushwa vizuri, aitikise, kisha aiache kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu mwingi. Jaribio hili halipimi sumukuvu, kwa hiyo haliondoi ulazima wa kupeleka sampuli maabara, lakini linaweza kumzuia kununua hasara kwa macho makavu.

Tena katika kila mkupuo wa kusaga, aweke pakiti mbili kando, kwenye rafu ya kawaida kama ile ya dukani. Moja aifungue baada ya mwezi mmoja, nyingine baada ya miezi miwili, anuse na apike. Hapo atajua kama tarehe ya mwisho wa matumizi anayoiandika ina ukweli au ameinakili kutoka kwenye pakiti ya jirani.

Jambo la pili ni hesabu. Tuchukue mfano wa pakiti ya kilo moja, kwa bei za kukadiria. Mama ananunua nafaka na soya za Sh 1,900. Kusaga ni Sh 200, kifungashio na lebo Sh 450, usafiri Sh 150. Jumla ni Sh 2,700. Analiuzia duka kwa Sh 3,200 na kuamini kwamba amepata faida ya Sh 500.

Hebu tuitazame faida hiyo. Nafaka ikipembuliwa, ikaoshwa, ikakaangwa na kusagwa, hupungua. Ikiwa kilo 100 za punje zinatoa kilo 90 za unga, basi kilo moja ya unga imekula malighafi za takriban Sh 2,110 wala si Sh 1,900. Hapo Sh 210 imekwisha kuondoka. Bado kazi yake mwenyewe: kuchambua mawe, kukaanga, kufunga na kupeleka madukani. Akijilipa Sh 300 tu kwa kila kilo, gharama inafika Sh 3,210. Kila pakiti anayouza inampa hasara ya Sh 10, na hapo hatujahesabu pakiti zilizorudishwa wala riba ya mkopo.

Huyu alikuwa akila mtaji wake taratibu huku akiamini anakula faida. Siku mtaji ulipokwisha alisema soko limejaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huu tumezoea kuubandika ukutani bila kuutekeleza. Kabla hajachapisha lebo mpya, afungue daftari la zamani, hata kama ni karatasi tatu zilizochanika, aandike upya gharama za kila kilo ikiwamo jasho lake. Kama hesabu inakataa, dawa inaweza kuwa kununua mahindi baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, badala ya kununua debe moja moja Januari wakati bei imepanda. Kwa kikundi, kuchanga na kununua magunia kwa pamoja katika soko kama la Kibaigwa kunaweza kuokoa fedha nyingi kuliko lebo yoyote inavyoweza kuingiza, mradi wawe na mahali pakavu pa kuhifadhi.

Jambo la tatu ni mali kauli. Wenye maduka wengi hawataki kununua bidhaa ya mjasiriamali mdogo kwa fedha taslimu. Wanasema, "Acha hapa mama, zikitoka njoo uchukue chako." Anayeanza hufurahi kwamba bidhaa yake imeingia maduka 20. Tufanye hesabu: maduka 20 mara pakiti 12 ni pakiti 240. Kwa gharama ya Sh 2,700 kila moja, ni Sh 648,000 zilizokaa kwenye rafu za watu wengine. Mkopo wa kikundi unadai kila wiki, na unga uliokaa mbele ya dirisha unapigwa jua. Baada ya miezi miwili anaitwa kuchukua zilizobaki, zikiwa zimeharibika.

Ningemshauri anayerudi aingie maduka matatu au manne yaliyo karibu na nyumbani kwake, apeleke pakiti sita, alipwe, ndipo apeleke nyingine. Duka lisilokubali kulipa hata nusu halijawa mteja, ni ghala la bure ambalo yeye ndiye anayebeba hasara yake.

Najua nitapingwa. Vijana watasema biashara ni matangazo, na kwamba bila lebo nzuri na picha kwenye simu hakuna atakayekuona katika soko lililojaa. Sikatai kwamba lebo ina kazi yake. Lakini lebo humshawishi mama kununua pakiti ya kwanza. Pakiti ya pili huuzwa na uji wenyewe. Na unga wa lishe ni biashara ya pakiti ya pili, ya tatu na ya ishirini, kwa sababu mtoto hula kila siku. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya mdogo. Kiwanda kikubwa kinamshinda kwa bei na kwa matangazo, lakini hakiwezi kumwambia mama wa mtaa wa pili kwamba unga huu umesagwa juzi. Mjasiriamali anayesaga kidogo kila wiki, akaandika tarehe ya kusaga kwa herufi zinazosomeka, na ladha ikawa ile ile kila mara, ana kitu ambacho aina nyingine tano kwenye rafu ile huenda hazina.

Kuhusu jina jipya, nina angalizo. Wateja wa mtaani wanamfahamu mtengenezaji kwa sura. Kubadili jina la pakiti bila kubadili unga ni kuwakumbusha kwamba kuna jambo linafichwa. Ni heri kurudi kwa jina lile lile na kuwaeleza wazi kilichorekebishwa. Iwapo ni lazima libadilishwe, akumbuke kwamba kusajili jina la biashara BRELA hakumpi ulinzi wa alama ya biashara. Hiyo husajiliwa peke yake, na kwa Tanzania Bara hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa.

Aliyesimama muda mrefu ajue pia kwamba tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka iliyokuwa TFDA na kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lebo za zamani zenye namba za TFDA zisitolewe stoo na kubandikwa upya. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, imekuwa ikiwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS ili wapate nafuu ya gharama katika hatua za mwanzo. Mlango huo ubishwe kwanza, kabla ya mlango wa mchapaji.

Mwisho niseme na wanaotoa fedha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inawafikia kina mama wa aina hii. Kamati zinazoipitisha huomba katiba ya kikundi, muhtasari na akaunti ya benki. Kwa anayeomba mara ya pili, ziongeze swali moja: biashara ya kwanza ilikufa kwa nini? Asiyeweza kulijibu asaidiwe kwanza kulijibu, na ofisa biashara wa kata akae naye na daftari kwa saa mbili. Fedha inayotolewa bila jibu hilo inaongeza deni juu ya deni. Aidha, sehemu ya bajeti ya mafunzo ya vifungashio ingenunua vipimo vya unyevu vya kutumiwa kwa zamu na vikundi vyote vya kata, faida ingeonekana kwenye afya za watoto na kwenye marejesho ya mikopo pia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ewe mama unayejiandaa kurudi sokoni msimu huu, usiende kwa mchapaji wa lebo wiki hii. Saga kilo 10, weka pakiti mbili kando, andika kila shilingi iliyotoka mfukoni mwako, na uwauzie majirani kwa fedha taslimu. Baada ya miezi miwili fungua zile pakiti mbili na lile daftari. Vyote viwili vikiwa salama, ndipo uagize lebo.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.