Wazee Wasingoje Kichomi Ndipo Wakingwe

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya mkoa wa Shinyanga, umejengwa kwa mikono ya wakulima na wafugaji. Wengi wao leo ni wazee. Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, huwashambulia watu wa rika hilo kwa ukali kuliko vijana. Kwa hiyo swali la lini mzee apate chanjo ya ugonjwa huo si la anasa. Ni swali la uhai.

Kwa upande wa watoto swali hilo limekwisha jibiwa. Tangu mwaka 2013 mtoto wa Kitanzania huchanjwa dhidi ya nimonia bila malipo akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tarehe zake huandikwa katika kadi. Hiyo ni kazi njema. Lakini bibi anayembeba mjukuu huyo kwenda kliniki hana kadi wala tarehe. Ratiba ya kawaida ya chanjo imewafikiria watoto, wajawazito na wasichana; mzee hakupangiwa chanjo ya nimonia.

Nchi nyingine zimekwisha weka umri. Uingereza huanza miaka 65. Marekani nayo ilishikilia umri huo kwa muda mrefu, hadi mwaka 2024 ilipouteremsha kuwa miaka 50. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, mapafu au figo, seli mundu au virusi vya Ukimwi, pamoja na mvutaji wa sigara, hushauriwa asingoje hata umri huo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: mzee achanjwe akiwa mzima. Chanjo hukinga, haitibu, na mwili huhitaji wiki mbili au tatu kuijenga kinga hiyo. Haina msimu. Mafua madogo si kizuizi. Mwenye ugonjwa mkali ndiye angoje kupona. Mkulima wa pamba wa Bariadi hangoji funza wa vitumba wamalize shamba ndipo atafute dawa. Wala isidhaniwe kwamba chanjo huzuia kila nimonia. Hukinga dhidi ya aina kadhaa za bakteria mmoja aletaye nimonia nyingi kali. Aliyechanjwa akipatwa na homa, kikohozi na kubanwa pumzi, hana budi kuwahi hospitali.

Upo moshi pia. Akina bibi wengi wa Usukumani wamepika maisha yao yote kwa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi huo huo uliowafanya macho kuwa mekundu, hata baadhi yao wakasingiziwa uchawi na kuuawa, ndio unaodhoofisha mapafu na kukifungulia kichomi mlango. Na kichomi kinapoua, wapo wanaokwenda kupiga ramli badala ya kumwuliza daktari. Hapo ujinga na maradhi hushikana mikono, na anayeumia ni yule yule mzee.

Historia nayo inadai haki. Mwaka 1911 daktari Mwingereza, Almroth Wright, alijaribu chanjo ya nimonia kwa wachimbaji Waafrika katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako vibarua kutoka nchi za joto walikuwa wakifa kwa wingi. Katika miaka ya 1970 majaribio ya Robert Austrian wa Marekani yalifanyika katika migodi hiyo hiyo, na mwaka 1977 chanjo ikaidhinishwa Marekani. Mwili wa Mwafrika ulitoa ushahidi. Si haki mzee wa Kiafrika awe wa mwisho kuonja matunda yake.

Isisemwe kwamba watu wazima hawachanjiki. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini, wazee walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Njia inajulikana. Kinachohitajika ni uamuzi: wahusika wa afya wapange umri, waanze na wazee wenye maradhi ya kudumu wanaohudhuria kliniki, kisha waendelee kwa wote kadiri uwezo unavyoruhusu.

Wakati uamuzi huo ukingojwa, kila familia ina wajibu. Mzee anapopelekwa kupimwa presha au sukari, iwe Bariadi mjini au Meatu, daktari aulizwe kama chanjo inapatikana, ni ya aina gani, na kama dozi moja inatosha. Jibu liandikwe na karatasi itunzwe. Vijana wanaouza pamba wakumbuke ni mikono ya nani iliyofyeka mashamba hayo. Mzee huchangiwa upesi akisha kufa. Afadhali achangiwe angali anapumua.